Dyr bul shchyl: jioni moja St. Petersburg

Kutoka kituo cha metro cha Petrogradskaya hadi nyumba ya mbao ya Mikhail Matyushin ni mwendo wa miguu tu. Mimi nilipanda teksi, nikatozwa pesa ya chakula cha siku nzima, na iliniuma. Matyushin ndiye aliyeitungia muziki opera ya Kulishinda Jua mwaka 1913, kwa maneno ya mshairi Aleksei Kruchenykh. Nilizunguka humo saa mbili, lakini lililonifanya niandike lilitokea jioni.

Mama mwenye chumba nilichopanga, mwalimu wa Kirusi aliyestaafu, aliona katika daftari langu maneno "dyr bul shchyl". Akavuta kiti. Ni mwanzo wa shairi la Kruchenykh lenye mistari mitano, lililotoka mwaka huohuo wa 1913 katika kijitabu Pomada, na mwenyewe alitanguliza kwamba maneno yake hayana maana maalumu. Lugha hiyo yeye na wenzake waliiita zaum: iliyovuka akili.

Nikasoma "diri buli shili". Akanikatiza. Sisi Waswahili silabi tumezoea kuifunga kwa irabu, na irabu hiyo ya ziada hulainisha kilichokusudiwa kukwaruza. Akanielekeza: r ipigwe kwa ncha ya ulimi, iachwe papo hapo. Y si i wala u: tandaza midomo kama unayetamka i, ulimi urudishe nyuma kama wa u. Shch ni sh laini iliyovutwa. Kisha akanionyesha jambo ambalo tafsiri hailibebi. Katika tahajia ya Kirusi, herufi ya shch haifuatwi na y. Mtoto akiandika hivyo husahihishwa. Kwa hiyo neno lisilo na maana bado linavunja sheria, na Mrusi huliona kosa kabla hajalisikia. "Dyr" nayo humwangukia sikioni kama "ya matundu", kwani dyra ni tundu. Mstari wa mwisho una r na l zilizosimama peke yake. Ukizitaja kwa majina ya herufi umeuharibu. Toa mlio tu.

Mshairi mwenzake wa zaum, Velimir Khlebnikov, alipita njia nyingine. Kwake konsonanti ya mwanzo ndiyo yenye maana: ch ni kifuniko cha kitu kingine, maana chasha ni kikombe, cherep fuvu, chulok soksi ndefu. Huyo hasomeki bila kamusi. Kruchenykh unaweza kumwanza kwa sikio.

Usiku nilikumbuka kinyume, mchezo wa pwani wa kupeleka silabi ya mwisho mbele, nyumba ikawa mbanyu. Zaum nilikuwa nimeichukulia hivyo, natafuta ufunguo. Kumbe kinyume huficha maana na mjuzi huirudisha, ilhali zaum haikuficha kitu. Jirani yake ni tanakali zetu: jiwe linatumbukia chubwi, watu wananyamaza jii. Hakuna anayeuliza jii imetoka wapi. Ila jii huegemea kitenzi, na Kruchenykh kitenzi amekiondoa.

Chai nililipishwa kando ya chumba. Asubuhi, kabla ya treni, nilimsomea tena yule mama. Y aliikubali. R bado ilivuta i nyuma yake.