Kipande cha Sabuni Mkobani

Kondoa, Jumamosi usiku.

Kwa miezi minne sasa nyumba yetu imekuwa na mazungumzo ya aina moja tu: tuhamie wapi. Baba Zaituni alipopata kazi katika wizara mojawapo pale Mji wa Serikali, Mtumba, majirani walituaga kana kwamba swali limekwisha kujibiwa, maana huku Kondoa mtu akisema anahamia Dodoma hueleweka kuwa atapanda basi, atakwenda kilomita zipatazo 160 za lami kuelekea kusini, kisha atatafuta chumba popote katikati ya mji. Sisi hatukutaka katikati ya mji. Tuna watoto watatu, tuna Mama mkwe ambaye hajapata kuishi mahali asipoweza kufuga kuku, na tuna mishahara miwili isiyoweza kubeba kodi ya mjini. Tulitaka mji mdogo wa pembezoni, wenye shule na soko lake, ulio karibu.

Karibu na nini, hapo ndipo mjadala ulipoanzia. Tangu uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, watu walipanga maisha yao kwa kuhesabu umbali kutoka katikati ya mji, yaani kutoka stesheni ya zamani, soko la Majengo na barabara ziendazo Bungeni. Lakini wizara zilipokwenda Mtumba mwaka 2019, kiasi cha kilomita 17 mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, Dodoma ilipata kitovu cha pili. Mtu anayekaa Nala, upande wa barabara ya Singida, anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba anakaa karibu na jiji, na bado kila asubuhi akalazimika kulivuka jiji zima ili afike ofisini. Nala tuliiacha siku ileile tulipoichora kwenye karatasi.

Veyula ilikuwa ngumu kuiacha, nami nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa huko. Iko kaskazini mwa jiji, kwenye barabara hii hii ya kuja kwetu, kwa hiyo nilijiona nikipanda basi la Kondoa bila hata kupita stendi. Mwezi Oktoba dalali alituonyesha kiwanja kizuri, tambarare, chenye mbuyu mmoja pembeni, na Baba Zaituni akaanza kuzungumzia malipo ya awali. Mama mkwe, aliyekaa chini ya ule mbuyu muda wote bila kusema neno, aliniita tulipokuwa tukiondoka. "Mwanangu," akasema, "ardhi ya Ugogo usiisifu kabla hujaiona imenyeshewa." Mvua za Dodoma huanza Desemba na hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka mzima, kwa hiyo mgeni hudhani hapa maji si tatizo la kumtisha mtu aliyejenga. Tatizo ni kwamba mvua hiyo kidogo huja kwa pupa, juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi saba. Tuliporudi Januari tulikuta korongo limepita mahali tulipokusudia kuweka sebule, na dalali hakupokea simu yetu tena. Tukaamua kwamba kwanza tutapanga, kujenga kutakuja baadaye.

Naweza kuandika kurasa nyingi kuhusu maji, na pengine hapo ndipo nilipotofautiana zaidi na mume wangu. Nimelelewa kwa maji ya chemchemi ya hapa Kondoa, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kujivunia mpaka nilipoanza kuonja ya wenzetu. Dodoma imenyweshwa kwa miongo mingi na visima vya Mzakwe, kule Makutupora, lakini mji umekua upesi kuliko mabomba yake, na nyumba nyingi za pembezoni hutegemea visima vya watu binafsi au maboza. Baadhi ya visima hivyo vina chumvi. Mwenye nyumba atakuambia maji yapo, naye hasemi uongo, ila hatakuambia ni maji ya namna gani. Kwa hiyo nilianza kutembea na kipande cha sabuni ya mche mkobani. Nilipofika kwenye nyumba niliomba maji ya kunawa, nikasugua, nikatazama. Sabuni ikikataa kutoa povu, nilishukuru na kuaga. Baba Zaituni alikuwa akitazama pembeni kwa aibu, lakini wake wa wenye nyumba walinielewa mara moja, na mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini nisipoteze muda wangu, kwa kuwa hata chai ya hapo haina ladha.

Ihumwa ilifaulu mtihani wa sabuni na ikashindwa mtihani wa kodi. Ipo jirani kabisa na Mtumba, na bila shaka wafanyakazi wenzake Baba Zaituni waliiona kabla yetu, kwa maana nyumba ya vyumba viwili tuliyoipenda ilitakiwa kodi ambayo ingemeza nusu ya mshahara wangu wa ualimu. Yeye aliitetea kwa hesabu ya nauli. Nilimwuliza kama hesabu hiyo imemweka mama yake kwenye uani usio na nafasi ya banda la kuku, naye hakujibu, akaomba chai.

Ndipo tukavuka Mtumba na kuendelea mbele kwenye barabara ileile, mpaka Buigiri na Chamwino, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Sikuwahi kuifikiria Chamwino kama mahali pa kukaa. Kwangu ilikuwa jina la Ikulu katika taarifa ya habari. Kumbe ni mji mdogo uliotulia, makao makuu ya wilaya yaliyopatikana Dodoma Vijijini ilipogawanywa mwaka 2007, na Buigiri yenyewe ni misheni ya zamani yenye shule ya wasioona. Kwa mtu anayefanya kazi Mtumba, kutoka huku ni kuufuata mji bila kuuingia: anashuka katikati ya njia, wakati wenzake wanaendelea kubanana hadi Majengo. Kwangu mimi kuna jambo jingine. Kwa kuwa Chamwino ni halmashauri nyingine, si Jiji, barua yangu ya uhamisho imekwenda mahali ambapo, kwa niliyoyasikia kwa walimu wenzangu, foleni ya wanaoomba si ndefu kama ya mjini.

Sipendi kila kitu. Barabara ile ndiyo inayobeba malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, usiku na mchana, na nilikataa nyumba mbili nzuri kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo. Tuliyoichukua iko ndani, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka lami, kwa mama mmoja Mgogo aliyetupokea kwa "mbukwenyi" na bakuli la mlenda kabla hajataja bei. Mama mkwe alikagua uani, akapima kwa hatua mahali pa banda. Mimi nikatoa sabuni. Povu lilikuwa la wastani, si la Kondoa, lakini povu.

Kodi ya miezi sita tumelipa jana. Baba Zaituni alitaka lori lije Jumamosi ijayo, siku ambayo hatakuwa kazini, nami nikampigia mwenye nyumba kumwuliza bomba lake hutoka siku zipi. Jumanne na Ijumaa, akasema, kuanzia alfajiri. Kwa hiyo tunahama Alhamisi, na mapipa yatapakiwa mwisho ili yashuke kwanza.