Jamani msikate pembeni ya ramani

Wiki nzima niko na skana na ramani za jiolojia za zamani, zile shiti ambazo kila moja inabeba nusu digrii kwa nusu digrii, yaani kama kilomita 55 kila upande, na kuna moja imeniuma sana. Karatasi yenyewe haipo tena, mchwa walishaimaliza, imebaki skani tu ya miaka ya nyuma, na aliyeiskani akaona ile pembeni nyeupe inachafua picha akaikata yote, ufunguo wa rangi, mwaka, jina la aliyepima, vyote vimeenda, faili linaitwa scan003 basi.

Namba za gridi ndani zilibaki kwahiyo nikazitumia kuipachika juu ya picha ya setilaiti. Mto wa kwenye ramani ukakaa pembeni ya mto wenyewe, karibu mita 300. Nikahangaika siku nzima nadhani nimekosea mimi, kumbe ramani ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali huku Afrika Mashariki, na GPS zetu zinatumia WGS84, mfumo wa dunia nzima, namba zilezile zinaangukia sehemu tofauti, na hicho kimstari cha kusema hivyo huwa kinaandikwa hapohapo chini pembeni palipokatwa. Sasa fikiria mtu anafuata mkanda wa kwatzi au anatafuta pa kuchimba kisima, mita 300 si shamba la mtu mwingine kabisa?

Na rangi nazo. Waliisevu JPEG, ambayo hupoteza kidogo kila ikiseviwa, halafu ikafunguliwa ikaseviwa tena na tena, waridi mbili ambazo ni granaiti za aina mbili tofauti sasa zimekuwa moja, na bila ufunguo huwezi kurudisha. Ndio maana mimi naskani TIFF, aina ya faili inayotunza picha bila kuipunguza, hata kama faili linakuwa zito, karatasi nzima mpaka ukingo, na kipande cha rangi za kulinganishia nimekiweka kando yake. Jina la faili namba ya shiti na mwaka, nakala tatu, moja ikae jengo lingine kabisa. Halafu naandika na doa la maji liko kona gani, maana bluu yake mtu anaweza kudhani ni mwamba.

Kesho naanza daftari za fildi. Penseli imefifia kweli, ukiongeza kontrasti mchoro wa miamba unatokea vizuri lakini na madoa yanatokea nao, kwahiyo nitatunza zote mbili, ghafi na iliyosafishwa.