Asubuhi nyuki walipousoma mzinga upya

Jirani alipoanza kujenga karibu na shamba la mjomba, huko Sikonge, mizinga miwili ya masanduku ilijikuta kando ya njia ya mafundi. Nyuki wa Tabora si wa kufanyiwa mzaha; ilibidi wahamishwe. Kivuli pekee kilichobaki kilikuwa nyuma ya zizi, kama mita 200 tu, na hapo ndipo penye ugumu. Mzinga ama unausogeza hatua moja moja, ama unaupeleka kilomita kadhaa. Ukiuweka katikati ya hapo, nyuki wazee wanarudi walikozoea na kuzunguka hewani wakitafuta nyumba isiyokuwepo.

Tuliihamisha usiku, milango imezibwa kwa matambara. Kabla ya kuizibua, mjomba alikata matawi ya muyombo yenye majani mengi, akayaegemeza kwenye mlango wa mzinga mmoja mpaka ukafunikwa wote. Nikamuuliza ya nini.

"Akikuta njia imebadilika, atatazama kwanza alipo."

Nikamwomba ule wa pili tuuache wazi, tulinganishe.

"Haya mpwa wangu, utaona mwenyewe."

Kulipokucha nilichuchumaa pembeni nimevaa kofia ya wavu. Kwenye mzinga ulioachwa wazi, wengi walichomoka na kushika njia ile ile ya siku zote, hata kugeuka hawakugeuka. Kwenye matawi mambo yalikuwa mengine kabisa. Nilimfuata kwa macho nyuki mmoja mwenye mabawa yaliyochakaa kingoni, dalili ya aliyekwisha kutumika sana porini. Alitambaa juu ya jani, akateleza, akapenya katikati ya vijiti viwili. Alipofika nje hakuondoka. Aligeuka hewani, akauelekea mzinga, akawa anayumba kushoto na kulia huku akirudi nyuma na kupanda, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, hadi akalizunguka zizi lote. Hivyo ndivyo hufanya nyuki mchanga anapotoka nje mara za kwanza. Huyu alikuwa ajuza, na alikuwa anajifunza upya.

Ndiyo maana sikushangaa sana miaka kadhaa baadaye niliposoma jaribio la Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, lililochapishwa mwaka 2017. Wale nyuki wanene wa Ulaya wenye manyoya walifundishwa kusukuma kipira hadi katikati ya jukwaa ili wapate maji ya sukari. Wengine walijifunza kwa kumtazama mwenzao aliyesukuma kipira cha mbali, kwa sababu vya karibu vilikuwa vimegundishwa. Zamu yao ilipofika, vipira vyote vikiwa huru, walichagua cha karibu. Hawakuiga tu, walishika lengo, wakatafuta njia fupi. Nikisikia mtu akisema mdudu hufuata silika peke yake, namsimulia hilo, kisha namsimulia ajuza wangu. Ubongo wenye seli neva kama milioni 1 tu unatosha kwa mambo hayo, nami naona unastahili heshima.

Adhuhuri, pale pa zamani, nyuki walikuwa wamejikusanya kwenye kigingi. Mjomba aliwawekea sanduku tupu, jioni akawabeba waliomo, akawarudisha kwa wenzao. Safari hii matawi yaliwekwa kwenye mizinga yote miwili. Asubuhi iliyofuata nyuki wa mzinga wa pili nao walitoka wakigeuka kuutazama mlango wao, na kule kigingini wakarudi wachache tu.