Bahasha ya altrasaundi

Hapa Kisumu, ukisema tu hedhi imekupotea, utapewa jibu kabla hujafunga mdomo: mimba, faibroidi, mawazo mengi, ile sindano ya kupanga uzazi. La kwangu la mwisho nililipata ndani ya matatu ya Kondele, kwa mama aliyenisikia nikiongea kwa simu.

La daktari limekuja leo: PCOS, hali ya homoni kuvurugika na mayai kutopevuka kwa mpangilio. Nilimwendea na bahasha ya altrasaundi, naye akaiweka kando akaanza kuuliza. Kwa mwaka unaona hedhi mara ngapi? Chini ya mara nane, au mapengo yanayozidi siku 35, kwao ni dalili tayari. Ndevu za kidevuni aliziulizia kwa sauti ile ile ya kuuliza umri. Kwa hilo namshukuru sana.

Vigezo wanavyotumia vilikubaliwa Rotterdam mwaka 2003. Ni vitatu: mayai kutopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi (zionekane mwilini, kama kwa ndevu, au kwenye kipimo cha damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Viwili vikipatikana, vinatosha. Kwa hiyo kuna wanaoambiwa wana PCOS na picha yao ni safi kabisa, na kuna wenye vijifuko tele wasiougua chochote. Vile vidoa vyeusi ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama, havihitaji kisu. Zamani 12 katika ovari moja vilitosha, lakini mashine zimekuwa na macho makali, na tangu 2018 wanataka 20.

Kilichokula pesa ni kuondoa washukiwa wengine. Tezi ya shingo ikiyumba, au prolaktini, homoni ya maziwa, ikipanda, hedhi hupotea vilevile, kwa hiyo damu ilitolewa kwa vyote hivyo kwanza. Sasa imebaki kunywa glukosi gramu 75 nikiwa sijala, kwa kuwa PCOS hukaribisha kisukari.

Jioni dada yangu amepiga simu. Binti yake wa kidato cha pili anaruka miezi, na anataka akapigwe picha. Nimemwambia ampeleke kwa daktari, sawa, lakini picha ya nini? Mpaka ipite miaka minane tangu hedhi ya kwanza, haitumiki kuamua, maana ovari za wasichana wengi huonekana hivyo. Kwanza aandike tarehe za hedhi.

Hajaridhika. Anasema, "Kwani picha inauma?"