Folda ya picha za harusi sasa inafunguka kwa akaunti za seva

Jumamosi, Sinza

Wiki hii kazi zote zimesubiri, nimeanza na kuifunga folda ya picha. Bibi harusi mmoja wa Mbagala alinipigia: "Kaka, zile za kicheni pati akiziona mwanaume, shangazi zangu hawatanielewa." Ana haki kabisa.

Tuko wahariri wanne, na kila mmoja ana akaunti yake tayari kwenye seva yetu ya Debian (aina ya Linux). Sikutaka faili la pili la nywila. Mtu akiacha kazi, nifunge akaunti moja na folda imfungikie hapohapo.

Ugumu ni kwamba nywila za mfumo zimo kwenye faili la /etc/shadow, na Apache, programu ya seva ya wavuti inayoendeshwa kwa jina la www-data, hairuhusiwi kulisoma. Wapo wanaomwingiza www-data kwenye kundi la shadow, lenye ruhusa ya kulisoma, ili mambo yaishe. Nimekataa. Tovuti ikitoboka mahali pamoja tu, mvamizi anaondoka na hashi (nywila zilizosagwa zisisomeke) za watu wote, akazivunje kwake taratibu.

Nimetumia pwauth. Ni kiprogramu kidogo kinachoendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mkuu wa mfumo. Apache inakipa jina na nywila, chenyewe kinarudisha namba tu. 0 maana yake mruhusu. Na hakimsikilizi kila anayekiita. Nilipokiendesha kwa akaunti yangu kikajibu 50, yaani wewe si seva ya wavuti. Hiyo 50 ilinipa amani kuliko 0 iliyofuata nilipojaribu kama www-data.

Kwenye Apache mistari ni michache: AuthBasicProvider external, AuthExternal pwauth, kisha Require user na majina yetu.

Jumapili

Njia ya Basic, ambayo kivinjari hutumia hapa kutuma jina na nywila, haifichi kitu. Nilifungua akaunti ya majaribio, nikanasa ombi lake kwa tcpdump, kifaa cha kusoma mawasiliano ya mtandao, kabla sijaweka cheti cha kuyasimba:

Authorization: Basic anVtYTpzaXJp

Nikapitisha herufi hizo kwenye base64 -d, amri ya kuzirudisha kuwa maandishi ya kawaida, ikatoka juma:siri, wazi kabisa. Na kivinjari hurudia kuituma kwa kila picha! Kwa hiyo mistari ya ulinzi ipo ndani ya VirtualHost (sehemu ya mipangilio ya tovuti) ya mlango wa 443, wa HTTPS iliyosimbwa, peke yake; mlango wa 80, usiosimbwa, unaelekeza tu huko, hauulizi nywila. Cheti ni cha Let's Encrypt, cha siku 90, programu ya certbot inakihuisha yenyewe.

Jambo lililonikosesha usingizi ni jingine: nywila ya folda ndiyo nywila ya mashine. Ikiibwa simuni mwa mtu, mwizi hapati picha tu, anaingia seva nzima. Nimezima PasswordAuthentication (kuingia kwa nywila) kwenye SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, tunaingia kwa funguo. Akaunti yangu yenye sudo, ruhusa ya kutenda kama root, nimeitoa kwenye Require user, nikajifungulia nyingine ya picha tu.

Saa nne usiku nimeandika passwd -l juma, kufunga nywila ya ile akaunti ya majaribio, nikafungua tena ukurasa kwenye simu. 401, yaani hujaruhusiwa.