Alama za mawakili mtandaoni hupotelea wapi

Aprili 8, 2020, Mombasa ilipofungwa kwa sababu ya korona, watu wasiingie wala kutoka, semina za mawakili hotelini zilikuwa zimeshasimama. Mafunzo yakahamia mtandaoni. Kanuni za 2014 za mafunzo endelevu ya mawakili wa Kenya zinamtaka wakili apate alama 5 za mafunzo kwa mwaka, na alama hizo hazipotei kwa ugumu wa somo, zinapotea kwenye mahudhurio.

Hotelini ulitia saini. Mtandaoni programu ya mkutano hurekodi jina na dakika ulizohudhuria, kwa hiyo ukiingia kwa jina la simu yako, hakuna wa kukutambua. Andika jina lililo kwenye leseni yako, pamoja na namba yako ya uanachama wa chama cha mawakili. Mawakili wawili wakitazama laptopu moja, anayerekodiwa ni mmoja! Kila mtu aingie kwa kifaa chake, ila sauti na maikrofoni iwashwe kwenye kimoja tu, la sivyo mwangwi utaharibu kikao kizima.

Stima ikikatika, ruta nayo huzima. Weka bando kwenye simu mapema. Video ya saa moja yaweza kula karibu GB 1, basi zima kamera. Ukirudi, tumia jina lile lile ili dakika zako zijumlishwe.