Siku moja na kereng'ende wembamba wa Sabaki

Saa kumi na moja alfajiri natoka uani kuusikiliza mnazi wa jirani. Makuti yakilia, narudi kulala, kwani siku hiyo mdudu hapigiki picha. Leo yamenyamaza. Ni msimu wa kusi, na kusi ya Malindi ina mwendo wake: usiku hupoa, saa tatu huanza kuvuma, saa nne kila unyasi unacheza. Kazi ya kunilisha ni picha za harusi na za pasipoti. Hii ya kereng'ende ina muda wa saa mbili au tatu tu asubuhi, na upepo ndio unaonipangia ratiba.

Saa kumi na moja na nusu niko juu ya bodaboda, begi kifuani. Kabla ya daraja la mto Sabaki nasimama kwa mama wa mahamri, ambaye jiko lake huwaka kabla ya ndege kuamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hata leo wawinda wadudu?"

Hata leo. Navuka daraja, upande wa kwenda Mambrui, naingia njia ya mashamba. Mto wenyewe nauacha mbali. Muda huu viboko wanarudi kutoka kula nyasi, na kiboko ukimkatia njia ya maji hana simile. Mimi naendea vidimbwi vilivyoachwa na masika mabondeni, vyenye mafunjo na nyasi ndefu ukingoni.

Saa kumi na mbili na nusu jua linachungulia. Ninaowatafuta si wale kereng'ende wakubwa wanaozunguka juu ya viwanja jioni. Hawa ni wembamba kama njiti, macho yametengana pande mbili za kichwa, na wengi wao wakitua hufunga mabawa juu ya mgongo. Alfajiri misuli yao haijapata joto na umande umewalowesha, kwa hiyo kuruka ni shida. Hapo ndipo napata nafasi.

Wa kwanza ni dume la Ceriagrion glabrum, mwili wa rangi ya chungwa, macho ya kijani, urefu wa sentimita 4 hivi. Kaniona kabla sijamwona vizuri. Badala ya kuruka anajizungusha nyuma ya unyasi. Mwili wote unapotea, yanabaki macho mawili tu, moja kila upande wa bua, yananikodolea. Nikienda kulia, naye anazunguka. Dawa yake ni kunyoosha mkono wa kushoto polepole nyuma ya bua. Anaukwepa mkono, anajileta mwenyewe mbele ya lenzi.

Sasa kazi yenyewe. Lenzi yangu ni ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, milimita 100, na tundu lake la kupitishia mwanga nimeliweka f/11. Ukimsogelea mdudu hadi aingie kwenye kamera kwa ukubwa wake halisi, sehemu inayotoka kali haifiki hata milimita mbili. Jicho likikaa sawa, mkia umeyeyuka. Wengi hukimbilia f/22, tundu dogo zaidi, na hapo picha nzima inalegea, maana mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Kwa maoni yangu jibu liko tumboni: lala chini. Mwili wa kereng'ende ni mstari ulionyooka, hivyo ukiuweka mgongo wa kamera sambamba nao, kichwa na mkia vinaingia pamoja. Ukipinda nyuzi chache tu, umemkosa. Basi niko kifudifudi kwenye tope, viwiko ardhini. Fokasi naiweka kwa mkono na kuiacha hapo, kisha nayumba mbele na nyuma kidogo huku nikibonyeza. Flashi nimeivika kipande cha plastiki nyeupe kilichokatwa kwenye galoni ya mafuta ya kupikia. Vya dukani vya kulainisha mwanga nimevijaribu, galoni inavishinda.

Dume linaanza kujipangusa umande kwa miguu ya mbele, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Tone moja linanasa kwenye vinywele vya mguu. Nabonyeza bila kupumua.

Saa mbili anapita mvulana na mbuzi wake. "Mjomba, umepoteza nini?" Namwonyesha kwenye kioo cha kamera. Anacheka, halafu ananionyesha kwa kidole ng'ambo ya dimbwi. Dume limemkamata jike shingoni kwa vibanio vya mkiani, nalo limesimama wima hewani. Jike amepinda tumbo, anatoboa mmea na kupachika mayai ndani yake. Picha zangu nyingi nzuri zimeanzia kwenye kidole cha mchungaji.

Saa tatu kasoro mafunjo yanaanza kuinama. Nafunga begi.

Saa nne hadi alasiri ni studio. Leo kuna mtoto mchanga wa pasipoti asiyetaka kufungua macho, na shangazi wa bibi harusi anayetaka bei ipungue. Yameisha.

Saa kumi na moja jioni nafungua kompyuta. Nafuta nyingi mno. Kuna kereng'ende wa aina nyingine, Ischnura senegalensis, mwenye ncha ya mkia ya buluu, ambaye ungeapa ni dume. Lakini baadhi ya majike yao huvaa rangi za kiume, kwa hiyo mimi hupiga pia picha moja mbaya ya mkia kwa ubavu, ya ushahidi. Chini ya mkia kuna kiungo kinene cha kutagia: jike. Naipandisha iNaturalist, tovuti ya watu kuweka picha za viumbe walioonwa.

Kuna wapigapicha wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie. Siipendi hiyo, na picha zao hujulikana: miguu imejikunja, mdudu hakulishika jani, kabandikwa.

Ninayemtamani bado ni Coryphagrion grandis, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambaye huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya matundu ya miti. Ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Huyo hatakuwa wa dimbwi wala wa saa mbili tatu. Ni wa kuingia msituni siku nzima.

Saa mbili usiku inanipigia simu hoteli fulani, inataka picha za ukutani. Nataja kereng'ende. Hapana, wao wanataka machweo juu ya bahari. Malindi, jua huchomoza baharini na kuzama bara. Nimewatumia mawio, wameyapenda, na malipo yao yatatosha betri mpya ya flashi.